Swingi Ipi Bora? Ubishi wa Gofu Unapopimwa na Upepo wa Malindi

Kaa jioni moja kwenye uwanja wa gofu wa Malindi, wachezaji wakishamaliza mzunguko wao, na utausikia ubishi uleule wa swingi: fimbo irudishwe vipi nyuma, na ishuke vipi. Mmoja atashikilia kwamba mwili ndio unaopiga, mikono inafuata tu. Mwingine ataapa kwamba bila mikono hakuna gofu. Kijana aliyekesha akitazama video atasema habari ya kuhamishia uzito mguu wa kulia imepitwa na wakati, na mzee anayecheza tangu ujana wake atamjibu kwamba yeye anahama na kurudi, na mpira bado unakwenda. Kila mmoja ana bingwa wake wa kutolea ushahidi. Hapo ndipo ubishi unapokwama, kwa sababu mabingwa wa gofu hawafanani hata kidogo.

Ubishi huu naupenda, na si wa bure. Mtu anaweza kupoteza misimu mizima akijenga swingi isiyomfaa, akaumia mgongo, akauacha mchezo. Ninachokipinga ni mpangilio wake. Tunaanza na kiwiko, nyonga na goti, tunavutana hadi magharibi, na mpira tunaukumbuka mwisho. Tuugeuze. Tuanze na mpira, tujue unahitaji nini, ndipo tuulize kila mtindo unatufikishaje huko. Tukifanya hivyo, sehemu kubwa ya ubishi itakwisha yenyewe, na itakayobaki itakuwa na maana.

Katika maelezo yote haya ninamchukulia mchezaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Mpira unajua nini

Uso wa fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa muda huo husafiri pamoja kama sentimita mbili, kisha mpira unaondoka. Yaliyotokea kabla ya hapo mpira hauyajui, na yatakayotokea baadaye hayauhusu. Hauna habari kama kiwiko chako cha kulia kilibana ubavuni au kilipaa. Unachokipokea ni mambo matano: kasi ya kichwa cha fimbo, njia ambayo kichwa hicho kinapita, upande ambao uso wake umeelekea, kama kinashuka au kinapanda, na sehemu ya uso iliyogonga.

Katika matano hayo, mawili ndiyo yaliyoeleweka vibaya kwa muda mrefu: njia na uso. Vizazi vya wachezaji vilifundishwa kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea kule uso ulikokuwa umetazama. Mwaka 1968 waandishi wawili wa Uingereza, Alastair Cochran na John Stobbs, walichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa wa kisayansi wa swingi, na humo ilionekana kwamba uso ndio wenye usemi mkubwa katika mwanzo wa safari ya mpira. Hata hivyo walimu wengi waliendelea na somo la zamani. Ilibidi zije mashine za rada zinazoufuatilia mpira hewani ndipo jambo hili likubalike kwa upana. Sasa tunajua kwamba kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, zaidi ya robo tatu ya mwelekeo wa kuanzia hutokana na uso. Njia ina mchango mdogo hapo. Kazi yake kubwa inaonekana baadaye: tofauti kati ya njia na uso ndiyo inayoupinda mpira.

Chukua mfano. Uso umeelekea digrii 2 kulia kwa shabaha, na njia inakatiza digrii 4 kuelekea kushoto. Mpira utaanza kulia kidogo tu, karibu digrii moja, halafu utapinda kulia kwa nguvu, kwa kuwa kati ya uso na njia kuna digrii 6. Huo ndio ule mpira unaokatika kulia ambao karibu kila anayeanza gofu anaufahamu. Sasa tazama mchezaji anafanya nini. Anaona mpira unakwenda kulia, analenga kushoto zaidi. Miguu na mabega vikigeukia kushoto, njia nayo inazidi kukatiza kushoto. Uso anaubakisha wazi vilevile, yaani umeelekea kulia, kwa sababu macho yanaitaka bendera. Tofauti ya digrii 6 inakuwa 8, na mpira unapinda zaidi ya mwanzo. Amejitibu kwa kile kile kinachomuumiza, na hakuna mtindo wa swingi duniani utakaomwokoa asipouelewa uhusiano huu.

Sehemu ya uso iliyogonga nayo ina hila yake. Uso wa draiva umebinuka kidogo, na ukigonga mpira karibu na shingo ya fimbo, kichwa hujizungusha na kuupa mpira mzunguko wa kuupeleka kulia. Ukigonga karibu na ncha, huupa wa kuurudisha kushoto. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na njia nzuri na uso mzuri, na bado mpira ukamkimbia kwa sababu amegonga sentimita mbili mbali na katikati. Ni jambo rahisi kulipima, na ajabu ni kwamba wengi hawalipimi.

Kusi haina upendeleo

Hapa kwetu mambo haya hayajifichi, na ndiyo sababu naona Malindi ni mahali pazuri pa kumaliza ubishi wa gofu. Kuanzia Aprili upepo wa kusi unaingia kutoka kusini na kusini-mashariki, na katikati ya mwaka unakuwa mkali. Kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kaskazi. Katikati ya misimu kuna maleleji, ambapo upepo hautabiriki na unaweza kutulia kabisa asubuhi. Mchezaji wa hapa hupigwa na upepo wa mbele, wa nyuma na wa ubavuni katika siku moja.

Upepo wa mbele hauupunguzii mpira umbali tu. Mpira unapokwenda kinyume na upepo, kasi ya hewa inayoupitia inaongezeka, na kila mzunguko ulio nao unapata nguvu zaidi. Uliokuwa ukipinda kidogo siku ya utulivu unapinda sana. Uliokuwa ukipanda vizuri unapaa juu, unasimama, na kuanguka karibu. Upepo wa nyuma hufanya kinyume: hupunguza kupinda, na mtu anaweza kudhani amepona. Ndiyo maana alama nzuri za siku moja hazitoshi kuihukumu swingi.

Kosa la kawaida mbele ya kusi ni kuongeza nguvu. Ukipiga kwa nguvu zaidi kwa fimbo ileile, mpira unapata mzunguko mwingi zaidi wa kurudi nyuma, nao ndio unaoupaisha. Makedi wa hapa, yaani wabeba fimbo, wanalijua hili bila rada yoyote. Watakupa fimbo yenye mlalo mdogo wa uso, namba 5 badala ya 7, na kukwambia upige taratibu, urudishe nusu tu. Sayansi inakubaliana nao moja kwa moja.

Mgeni kutoka Nairobi anakutana na jambo la pili. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi kuliko hewa ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hewa nyepesi huukwamisha mpira kidogo na huupindisha kidogo. Mtu anayepiga vizuri kwenye viwanja vya Muthaiga au Karen akifika huku anaona fimbo zake zimefupika na makosa yake yamekua. Analaumu joto, analaumu nyasi, kisha anaanza kubomoa swingi yake. Angetulia. Swingi ni ileile, ila hewa ya huku inasema kweli zaidi kuliko ya kule.

Dawa ya mgonjwa mwingine

Sasa tuingie kwenye mitindo yenyewe. Ubishi mkubwa wa karne iliyopita ulihusu mlalo wa swingi, yaani mstari wa kufikirika ambao mikono na fimbo hupita juu yake vikizunguka mwili. Aliyeusambaza kuliko wote ni Ben Hogan, Mmarekani aliyeshinda mataji makubwa tisa, na aliyerudi kushinda US Open, mojawapo ya mashindano manne makubwa ya gofu, mwaka 1950 baada ya ajali mbaya ya gari ya mwaka 1949. Mwaka 1957 aliandika kwamba mchezaji afikirie kioo kikubwa kilichoegemea mabegani mwake kutoka kwenye mpira, na ajitahidi mikono isikivunje wakati wa kurudisha fimbo.

Mafundisho ya Hogan ni mazuri, na yeyote anayependa gofu anafaidika kuyasoma. Lakini kuna jambo moja watu husahau. Hogan katika ujana wake alisumbuliwa na mpira unaopinda kushoto kupita kiasi. Alichofanya ni kuubadilisha mshiko wake, mkono wa kushoto ukageukia kushoto, ili uso wa fimbo usijifunge. Ilikuwa tiba ya ugonjwa wake yeye. Sasa mfanyakazi wa hoteli anayecheza Jumamosi, ambaye mpira wake unakatika kulia, anauiga mshiko wa Hogan kwa sababu Hogan alikuwa bingwa. Amekunywa dawa ya mgonjwa mwingine, tena mwenye maradhi yaliyo kinyume na yake. Uso wake uliokuwa wazi unazidi kuwa wazi.

Hiki kwangu ndicho kiini cha suala zima. Karibu kila mtindo uliopata umaarufu ulianza kwa mtu fulani aliyekuwa akiponya kosa fulani katika mwili fulani. Kabla ya kuuliza kama mtindo ni mzuri, uliza ulikusudiwa kuponya nini.

Katika miaka ya 2000 mwalimu wa Marekani Jim Hardy alileta mgawanyo uliosaidia sana. Alisema kuna swingi za makundi mawili, na shida huanza mtu anapochanganya vipande vya zote mbili. Katika kundi la mlalo mmoja, mchezaji huinama zaidi kiunoni, na mwisho wa kurudisha, mkono wake wa kushoto hulala sambamba na mabega. Mabega huzunguka kwa nguvu na kuivuta mikono. Katika kundi la milalo miwili, mchezaji husimama wima zaidi, mabega huzunguka yakiwa yamelala, na mikono hupanda juu yake, kisha inabidi ishuke kwa wakati wake. Wa kwanza anahitaji mwili wenye nguvu na mgongo unaonyumbulika. Wa pili anahitaji wakati sahihi na mdundo.

Mtu wa miaka sitini mwenye kiuno kigumu akilazimishwa kuinama na kuzunguka kwa nguvu, ataumia. Kwake milalo miwili, mikono juu na mdundo wa taratibu, ni njia ya busara zaidi. Kijana anayevua samaki kutwa, mwenye mgongo wa chuma na asiye na muda wa mazoezi, huenda akafaulu na mlalo mmoja kwa sababu una vitu vichache vya kupangia wakati. Si suala la upi ni wa kisasa.

Wapo walioupeleka mlalo mmoja hadi mwisho. Moe Norman wa Kanada, aliyesifika kwa kunyoosha mpira kuliko karibu yeyote wa zama zake, alisimama mbali na mpira, mikono na fimbo vikiwa vimenyooka katika mstari mmoja tangu mwanzo. Bryson DeChambeau, mshindi wa US Open mwaka 2020 na 2024, amejulikana kwa kutumia fimbo za chuma, zile fupi kuliko draiva, zenye urefu mmoja ili msimamo na mlalo wake usibadilike kutoka fimbo moja hadi nyingine. Upande wa pili yuko Jack Nicklaus na mataji yake makubwa 18, kiwiko cha kulia kimepaa na kisigino cha kushoto kimeinuka. Na yuko Jim Furyk, ambaye fimbo yake hupanda wima na kushuka kwa kitanzi kikubwa ambacho mwalimu yeyote wa mitaani angekimbilia kukirekebisha. Baba yake, aliyekuwa mwalimu wake, hakukigusa. Furyk alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akamaliza mzunguko mmoja wa mashindano ya PGA Tour, ziara kuu ya wanaume wa kulipwa Marekani, kwa mapigo 58, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia hapo kabla katika ziara hiyo.

Ukiwasimamisha picha wote hawa fimbo ikiwa juu, utasema wanacheza michezo tofauti. Ukiwasimamisha picha wakati wa kugonga, wanakaribiana mno: nyonga zimefunguka kuelekea shabaha, uzito uko mguu wa kushoto, mikono imetangulia kichwa cha fimbo katika fimbo za chuma, uso umeelekea inapotakiwa. Kitanzi cha Furyk ni safari. Mpira unangoja kituoni.

Uzito: uhame au ubaki?

Mwaka 2007 walimu wawili wa Marekani, Mike Bennett na Andy Plummer, waliuleta mtindo uliojulikana kama Stack and Tilt, na ndio bado unaowagawa vijana na wazee. Walisema: kwa nini uhamie mguu wa kulia wakati wa kurudisha fimbo, halafu uanze kuhangaika kurudi kushoto kabla ya kugonga? Baki kushoto tangu mwanzo. Kichwa kisiyumbe, bega la kushoto lishuke, na fimbo itagonga mahali palepale kila mara.

Hoja yao ina nguvu kubwa mahali pamoja, na mahali hapo panatuhusu. Kwa fimbo za chuma, fimbo inatakiwa ifike sehemu yake ya chini kabisa mbele kidogo ya mpira, ili igonge mpira kwanza na ardhi baadaye. Mchezaji anayehamia kulia na asirudi, fimbo yake inagusa chini kabla ya mpira. Kwenye nyasi nene atasamehewa. Kwenye ardhi ya pwani, yenye mchanga na nyasi chache wakati wa kiangazi, hasamehewi: fimbo ama inachimba ama inaruka na kuugonga mpira tumboni, nao unatambaa chini hadi mbali usikotaka. Nimewaona wachezaji wa hapa ambao jambo moja tu, kuacha kuyumbia kulia, liliwapa mpira msafi.

Tatizo la mtindo huu ni pale unapochukuliwa kuwa sheria kwa fimbo zote na miili yote. Na vipimo vya miguu vimeonyesha jambo ambalo pande zote mbili hazikuliona kwa macho. Wachezaji bora wengi, wakisimama juu ya sahani zinazopima mgandamizo wa nyayo, huonekana wakiukandamiza mguu wa kulia mapema sana katika kurudisha fimbo, halafu mgandamizo unaanza kurejea kushoto kabla hata fimbo haijafika juu. Kichwa na kifua kwa wakati huo vimesogea kidogo tu. Mzee wetu anayesema anahama ni mkweli: anausikia mgandamizo chini ya unyayo. Kijana anayesema bingwa kwenye video hahami ni mkweli pia: anakiona kichwa kimetulia. Kila mmoja anapima kitu chake.

Kwa hiyo nikiulizwa, nasema hivi: kukandamiza mguu wa kulia ni halali, kuyumbisha mwili mzima kulia ni hatari. Anayeweza kutofautisha haya mawili hahitaji mtindo wenye jina. Asiyeweza, na Stack and Tilt ikampa mpira msafi wa chuma, aichukue bila aibu.

Mikono au mwili

Ernest Jones, mchezaji wa Uingereza, alipoteza sehemu ya mguu wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Akarudi kucheza gofu nzuri kwa mguu mmoja, na baadaye akawa mwalimu mashuhuri Marekani. Alichojifunza ni kwamba kama mikono inajua kukizungusha kichwa cha fimbo, mwili utatafuta wenyewe namna ya kuisaidia. Upande wa Hogan ulisema kinyume: nyonga ndizo zinazoanza kushuka, na mengine yote hufuata.

Vyombo vya kupima mwendo vimeonyesha kwamba kwa wachezaji hodari mpangilio wa kushuka kwa kawaida ni nyonga, kifua, mikono, kisha fimbo, kila kimoja kikifikia kilele cha kasi yake na kumwachia kinachofuata. Hilo limewapa ushindi watu wa mwili, au ndivyo wanavyodhani. Lakini kujua kwamba nyonga hutangulia hakumaanishi kwamba mchezaji aziwaze nyonga. Kushuka kwa fimbo huchukua takriban robo ya sekunde. Ubongo hauna nafasi ya kutoa amri, kuikagua na kuirekebisha ndani ya muda huo. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichunguza watu wanaojifunza kupiga mpira mfupi wa gofu: walioelekezwa kufikiria mwendo wa fimbo walifanya vizuri kuliko walioelekezwa kufikiria mwendo wa mikono yao. Tangu hapo tafiti nyingi za michezo mingine zimeelekea huko huko. Mwili hujipanga vizuri zaidi fikra ikiwa nje yake.

Hapa nasimama na Ernest Jones, hasa kwa wanaoanza. Mwambie mtu "tangulia na nyonga" na atajisukuma mbele, uso ubaki wazi, mpira ukatike kulia. Mwambie airushe fimbo ipite juu ya majani yale mawili yaliyo mbele ya mpira, na mara nyingi nyonga zitatangulia zenyewe, hata asijue.

Chaki, mshiko, na kazi inayobaki

Kuna kedi mmoja mkongwe hapa ambaye njia yake ya kufundisha inanifurahisha kuliko video nyingi. Asubuhi moja ya kusi mchezaji mmoja mstaafu alikuwa akilenga kushoto zaidi na zaidi, na mpira ukizidi kukatika kulia.

"Mzee, ukilenga huko upepo utakuchukulia mbali zaidi," kedi akamwambia.

"Sasa mwanangu, nilenge wapi?"

"Usihamishe shabaha, Mzee. Nipe hiyo draiva kwanza."

Akatoa kipande cha chaki mfukoni, akaupaka uso wa fimbo hadi ukawa mweupe, akamrudishia. Mzee akapiga. Alama ilitokea karibu na shingo ya fimbo. Akapaka tena, mzee akapiga tena, alama ikakaa palepale. Kedi akamsogeza nyuma upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mpira, kisha akamgeuza mkono wa kushoto juu ya fimbo hadi Mzee mwenyewe akaviona vifundo viwili na nusu vya vidole vyake akitazama chini. Hakusema neno lolote kuhusu nyonga, mlalo wala uzito. Alama ya tatu ilisogea kuelekea katikati. Mpira bado ulikwenda kulia, ila ulipinda nusu ya ule wa kwanza.

Huo ndio utaratibu ninaouamini: sehemu ya kugonga, kisha mshiko unaotawala uso, kisha njia. Mlalo na uzito vinakuja baadaye, na kwa wengi wetu havifiki kamwe kuwa tatizo kubwa. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianza wakiwa makedi, wakajifunza kwa kutazama na kuiga, na swingi zao hazifanani. Hakuna aliyewapa jina la mtindo.

Je, kubadilisha swingi nzima kuna faida? Ipo. Tiger Woods alishinda Masters mwaka 1997 kwa tofauti ya mapigo 12, na bado akaibomoa swingi yake pamoja na mwalimu wake Butch Harmon, akaijenga upya, na kati ya mwaka 2000 na 2001 akashikilia mataji yote manne makubwa kwa wakati mmoja. Baadaye akabadilisha tena na walimu wengine. Ila Woods alikuwa na siku nzima, kila siku, na mwalimu pembeni. Mwenye duka anayepata Jumamosi alasiri pekee akianza ujenzi wa namna hiyo, atakaa kati ya swingi mbili mwaka mzima bila kuwa na hata moja. Abadilishe jambo moja, alipe miezi.

Ubishi mmoja naona haujaisha, nao unahusu draiva. Vipimo vya rada vinaonyesha kwamba wanaume wa PGA Tour kwa wastani huipiga draiva fimbo ikiwa inashuka kidogo, kama digrii moja. Wanawake wa LPGA, ziara ya wanawake, huipiga ikipanda, kama digrii tatu. Sababu ni kasi: kichwa cha fimbo cha wanaume hufikia takriban kilomita 180 kwa saa, cha wanawake takriban 150, na asiye na kasi kubwa anahitaji kuupandisha mpira bila kuupa mzunguko mwingi. Wachezaji wengi wa klabu, wanaume kwa wanawake, wako karibu zaidi na hiyo 150 kuliko 180. Ukipata nafasi ya kuwatazama wanawake wa kulipwa, kama waliocheza Vipingo, kwenye barabara ya Mombasa, ambako Magical Kenya Ladies Open ilianza mwaka 2019 na Esther Henseleit wa Ujerumani akaibuka mshindi, usiwatazame wanaume wa televisheni tena kwa somo la draiva.

Wengi hapa hupinga wakisema: kusi ikiwa usoni, mpira unaopigwa fimbo ikipanda utapaa na kurudi. Kwa hiyo wanachomeka tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, chini kabisa na kuipiga draiva kwa kushuka. Mimi nadhani wanakosea. Kinachoupaisha mpira mbele ya upepo ni mzunguko wa kurudi nyuma kuliko mwinuko wa kuanzia, na kushuka na draiva huuongeza mzunguko huo. Punguza tii kidogo, nusu sentimita inatosha, simama mpira ukiwa mkabala na kisigino cha kushoto kama kawaida, piga kwa asilimia themanini ya nguvu, na uache fimbo ipande. Jaribu mipira kumi kwa kila namna mwezi wa Julai, chaki ikiwa kwenye uso wa fimbo, na hesabu kwa hatua umbali wa kila mmoja ulipoangukia.